Kichupa Kisichotiwa Rangi

Friji ya maabara ilinukia udi. Gerishom alinusa mara mbili, akakunja pua.

"Purity, nani amefukiza humu?"

"Afukize kwenye sampuli, daktari? Ni damu ya Takaungu hiyo, ya Bi Mwanaidi. Si alikwambia?"

Gerishom akacheka. Tangu ahamie Kilifi kutoka bara alikuwa na kicheko maalumu cha kuwachekea watu wa pwani, kifupi, cha puani. Bi Mwanaidi alipokunja mkono wa baibui ili atolewe damu alisema kwa upole kwamba yeye ameridhia, lakini ndani yake yuko mwingine, naye aombwe ruhusa. Neno moja tu. "Akilalamika mlete, tumtoe damu naye," Gerishom alimjibu, akaingiza sindano.

"Mwombe radhi," Purity, msaidizi wake, alinong'ona. "Utapungukiwa nini?"

"Akili."

Kazi yenyewe haikuwa na fumbo. Chembe nyeupe za damu zina vipokezi juu yake, kama milango ukutani. Kingamwili ya maabara hushika mlango wa aina moja tu, nayo hubeba rangi ing'aayo. Penye mwanga ndipo penye mlango. Kichupa kimoja huachwa bila kutiwa rangi, na hicho sharti kiwe giza. Gerishom aliandaa damu ya Bi Mwanaidi, kisha yake mwenyewe, damu ya mtu mzima wa afya, ya kulinganishia.

Adhuhuri, katika chumba cha giza cha hadubini, damu ya Bi Mwanaidi isiyotiwa rangi iling'aa.

Akafuta kioo, akainama tena, akaziona chembe zikiwaka na kuzimika mojamoja, kama madirisha ya nyumba ambamo mtu anapita na taa chumba hadi chumba akitafuta kitu, na udi ukazidi hadi ukamkaa kooni, na nyuma yake, pasipo na mtu, kikasikika kicheko kifupi, cha puani, kicheko chake yeye.

Kisha giza. Akaweka damu yake mwenyewe, nayo haikuwa imetiwa rangi. Iliwaka yote, kama nyumba ya arusi.

Alasiri alikuwa Takaungu, amepiga magoti ukumbini kwa Bi Mwanaidi.

"Shikamoo, Bi. Nisamehe. Mwambie anitoke."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mwanaidi alifumba macho, akasikiliza kitambo. Alipoyafumbua, yalikuwa na huruma. "Wangu alikwisha rudi. Anasema alipita kwako, akakuta mna mwenyeji, amekaa miaka. Akamsalimu kwa heshima. Yule hakuitikia."

"Alifanya nini?"

"Alimcheka tu."

Gerishom alitaka kusema, kicheko kikamtangulia. Akajiziba pua na mdomo kwa viganja viwili, akabana kwa nguvu zake zote.

Kicheko kikaendelea.