Polo Nyeupe na Mwalimu wa Udereva

Ijumaa ile mgao wa umeme ulikuwa umezima taa zote za makutano ya Warwick, na kila dereva wa Durban alijiona yeye ndiye askari wa barabarani. Wauza mahindi ya kuchemsha walikuwa wakiita wateja, honi zikijibizana, na watu wakikatiza katikati ya magari kana kwamba yamepakwa rangi tu pale chini. Philile Cele aliingia taratibu na Polo yake nyeupe. Alivaa gauni la kitambaa cha shweshwe la buluu na viatu vyekundu, na buti lilijaa mablanketi na mikeka ya bibi harusi mmoja wa Umlazi, vile vitu ambavyo bibi harusi huwagawia wakwe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Philile: kutafuta, kupanga, kufungasha na kupeleka. Bila gari, kazi haipo.

Alipofika katikati, kitu kikamgonga ubavuni.

Hakusikia maumivu. Alisikia mlio tu, kama mtu ameangusha kabati la vyombo nyumba ya jirani. Mfuko wa hewa ukamfutukia usoni, vumbi jeupe likatanda, kisha kimya. Alipotoka nje kiatu kimoja hakipo, naye hakukitafuta.

Lililomgonga ni gari dogo jekundu, na juu ya paa lake kimebandikwa kibao kikubwa cha shule ya udereva. Watu wa Warwick walikiona kibao kabla hawajaangalia nani ameumia.

"Mwalimu!" akapiga kelele mama mmoja wa mahindi. "Hilo ni somo la ngapi?"

"La kugonga, mama! Wanafunzi wanaandika!" akadakia mwingine, na makutano yote yakacheka.

Mwalimu akashuka. Mtu mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama, tai nyembamba ya kijani imehamia begani.

"Dada, umeumia?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sijui. Niangalie wewe, uniambie."

Akamwangalia kweli, kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mguu mtupu, kwa umakini wa mtu anayekagua gari kabla ya safari. "Uko mzima," akasema. "Mzima kupita kiasi."

Basi magari ya winchi ya Durban, yale ya kukokota magari yaliyoharibika, hufika kwenye ajali kabla ya polisi na kabla ya majeruhi kujua wameumia. La kwanza likapanda ukingo wa barabara, akaruka jamaa mnene mwenye fulana ya rangi ya machungwa, akamkamata Philile mkono. "Funguo, sista. Nipe funguo, saini hapa, mambo yaishe." Philile akawa anamtazama tu, kama anamtazama mtu kwenye televisheni iliyozimwa sauti.

"Mwachie mkono," mwalimu akasema. "Huyo ni mke wangu. Ongea na mimi."

Jamaa akaachia. Philile akageuza shingo polepole. "Mume wangu," akauliza kwa sauti ya chini, "unaitwa nani?"

"Bhekani Gumede. Harusi tutapanga baadaye, kwanza tumwondoe huyu."

Likaja gari la winchi la pili. Dereva wake alikuwa mpole, kofia mkononi, sauti ya msibani. Alipoambiwa jina la Gumede, uso ukamng'aa. "Qwabe!" akaita. "Mnguni! Yeyeye! Phakathwayo!" Akayashusha majina ya sifa ya ukoo mzima, moja baada ya jingine, bila kujikwaa, kama mtu aliyelelewa na bibi mmoja na Bhekani. Na yeye ni Gumede, akasema, wa kule Eshowe. Wakakumbatiana pale pale juu ya vioo vilivyovunjika. Mtu akikutajia babu zako kwa mpangilio, humwombi leseni.

"Huyu ni damu yangu," Bhekani akamwambia Philile. "Mpe funguo."

Akampa. Ile Polo ikapanda mlima ikining'inia kwa nyuma, mablanketi na mikeka ndani, na hakuna anayemfahamu Philile aliyeiona tena. Namba ya simu waliyoachiwa ilipopigwa ilipokelewa saluni ya nywele huko Pinetown, na wasusi hawakuwa na habari za winchi.

Polisi wakaandika, kampuni ya bima ikaandika, na Philile akarudi kwa mama yake KwaMashu akakaa kwenye kochi. Majirani walijaa sebuleni na midomo yao. Alikula alichowekewa, alijibu alichoulizwa. Mama akamfinya shavu. "Lia basi, mwanangu, tujue moja."

"Sina cha kulilia, mama. Ni kama nimekatiwa umeme."

Harusi ya yule bibi harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Siku mbili kabla, gari jekundu lenye taa moja likasimama getini, limejaa mpaka madirishani. Bhekani akateremka na mablanketi begani, tai ile ile ya kijani.

"Shangazi wa Lamontville katoa manne," akasema akiingia. "Wa Umlazi katoa matano na matusi. Mikeka ni ya mama yangu, nitamlipa kwa kumvumilia. Hili la waridi linanukia nondo, tusimpe mama mkwe."

"Mpe wifi," Philile akasema.

Bhekani akasimama na mzigo wake. "Umetania?"

"Sijui. Limetoka lenyewe."

"Basi nitakaa hapa mpaka litoke jingine, MaCele," akasema, akimwita kwa jina la ukoo wake.

Na akakaa. Akawa anakuja jioni baada ya somo la mwisho, na simu zikawa hazikatiki. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Chakula." "Unanikumbuka kidogo?" "Nakumbuka bampa lako." Bhekani alikuwa akicheka kwenye simu mpaka mama anasikia kutoka jikoni. Philile hakuwa akicheka, lakini simu hakuizima. Siku moja alimwegemea begani wakitazama taarifa ya habari, akaona bega lina joto, akakibakiza kichwa pale. Kwake hilo lilikuwa jambo kubwa, ingawa lilimfikia kwa mbali, kama muziki wa sherehe ya mtaa wa pili.

Ndipo akaja Bwana Govender wa bima. Alikuwa mtu wa makamo, koti zito katika joto lile, sauti laini ya daktari mwenye habari mbaya. Mama akamwekea chai na skonsi, kisha akajibanza nyuma ya pazia la jikoni.

"Dada Philile, tuna shahidi. Yule wa winchi ya kwanza. Anasema Gumede alitamka kwamba wewe ni mke wake. Halafu alimkumbatia aliyechukua gari, akamwita damu yake."

Philile akamweleza, taratibu, habari ya mkono kushikwa, habari ya majina ya ukoo.

Govender akatikisa kichwa. "Mimi nimezaliwa Chatsworth, nimeishi na Wazulu maisha yangu yote. Nakuelewa. Lakini wanaosoma faili wako Johannesburg, na faili halina masikio. Sasa niambie. Gumede ni nani kwako?"

"Ni mtu wangu. Tangu aliponiletea mablanketi."

Govender akaweka kikombe chini. "Basi tuna tatizo." Akatoa simu, akabonyeza, na sauti ya Bhekani ikajaa sebule: *Yule mwanamke simjui. Tuligongana tu. Hakuna chochote kati yetu.*

"Hiyo ni ya jana mchana," Govender akasema.

Jana jioni Bhekani alikuwa amekalia kochi lile lile, akila maharage ya mama na kuomba kuongezewa.

"Ofisi inaona mlipanga wizi huu pamoja," Govender akaendelea. "Ila kuna mlango mmoja. Ukitoa maelezo kwamba yeye na mtu wa winchi walishirikiana wakakudanganya, wewe unakuwa mwathirika. Dai linalipwa. Yeye anaachiwa polisi na mwanasheria wake. Fikiria mpaka kesho mchana."

Alipoondoka, mama hakujificha tena. "Anakugonga, anakuita mke, anampa mwizi gari lako, halafu anakukana! Ningekuwa mimi ningesaini kwa mikono yote miwili na mguu!"

Simu ikaita. Ikaita tena. Philile akaiangalia ikitembea mezani kwa mtetemo, mpaka alipochoka kuiangalia akapokea.

"Mpenzi, nimepiga mpaka kidole kimeota sugu. Uko wapi?"

"Unampigia nani? Mwanamke usiyemjua?"

"Wamekusikilizisha."

"Wamenisikilizisha."

"Philile, nilikuwa naokoa dai lako! Kila mtu kaniambia, bima wakijua mnapendana watasema mlipanga. Nikasema nikukane mara moja tu, upate gari, tuendelee na maisha. Wewe uliwaambia nini?"

"Ukweli."

"Kwa nini?"

"Niliulizwa."

Bhekani akavuta pumzi. Philile akamweleza mlango wa Govender, bila kupandisha sauti wala kuishusha.

"Na wewe unaonaje?" Bhekani akauliza. "Unadhani nililiiba?"

Jibu lilikuwa hapana. Alikuwa nalo, lilikuwa pale kifuani, ila lilichelewa kupanda kama kila kitu chake kilivyokuwa kikichelewa siku hizi. Bhekani akausikia ule uchelewaji.

"Basi saini," akasema, akakata.

Asubuhi Philile akavaa gauni lile lile la shweshwe, lililofuliwa likatoka vumbi, akaenda Umlazi, ambako Bhekani hufundishia. Alimkuta kwenye uwanja nyuma ya maduka, gari jekundu likirudi nyuma kwa shida kati ya vigingi viwili. Kwenye usukani alikuwa bibi mmoja mwenye kofia ya sufu na miwani minene. Bhekani alikuwa nje, akielekeza kwa mikono.

"Simama, bibi! Simama! Breki ni ya kati!"

"Najua ni ya kati! Usinikaripie, nimezaa wakubwa kuliko wewe!"

Kisha akamwona Philile. Mikono ikabaki hewani.

"Umekuja kuniambia umesaini."

"Nimekuja kukuangalia usoni."

"Unaona nini?"

"Naona mtu aliyetapeliwa na mtu mwingine aliyejua majina ya babu zake. Jana nilichelewa kujibu. Sikuwa na shaka, Bheki. Nilichelewa tu."

Bhekani akashika tai yake, akailegeza. "Sijawahi kulionea aibu jina langu. Sasa mtu akiniita Qwabe, nashtuka. Mimi ndiye niliyekuambia umpe funguo, MaCele. Mimi mwenyewe." Akatazama vigingi. "Leo alfajiri nimempigia Govender. Nimemwambia nilidanganya, kwamba wewe ni mtu wangu na nakupenda."

"Akasemaje?"

"Akasema asante, Bwana Gumede, umejichimbia kaburi vizuri." Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Kwa hiyo saini, mpenzi. Mimi nimeshaharibika. Leseni ya kufundisha wakiichukua nitauza hata maembe. Wewe kazi yako inahitaji magurudumu."

"Saini, mwanangu, kama ndivyo anavyotaka," bibi akasema kupitia dirishani. "Lakini mimi nimeshalipia masomo mpaka mwisho wa mwezi."

Simu ya Philile ikaita. Govender. Bhekani akageukia upande wa pili, kama mtu asiyetaka kuona sindano ikiingia. Philile akapokea palepale alipo.

"Dada, nahitaji jibu. Tunarekodi."

"Sisaini."

"Fikiria vizuri. Bila maelezo yako dai linakufa leo."

"Lizikeni."

"Una uhakika?"

"Hakushirikiana na mtu. Siwezi kusema alishirikiana ili mimi nipate gari. Rekodi hivyo hivyo."

Govender akakohoa kidogo. Alipozungumza tena alikuwa mtu mwingine, mtu wa Chatsworth aliyekula skonsi. "Pole sana, dada. Mwambie mama chai ilikuwa nzuri."

Ikakatika. Upepo ulikuwa ukivingirisha mfuko wa chipsi kati ya vigingi. Philile akangoja kitu kimpande, majuto au furaha au hata njaa. Hakikuja.

"Usidhani nimefanya kama kwenye sinema," akasema. "Bado sisikii chochote. Naweza kukaa hivi mwaka mzima, Bheki. Utakuwa unaongea na kochi. Unalijua hilo?"

"Kochi la kwenu nimelizoea."

"Na utakuwa unanibeba mimi na mizigo yangu kila Jumamosi."

"Na kila Jumapili kukiwa na harusi mbili."

"Mimi ndiye ninayelia hapa peke yangu," bibi akasema, akivua miwani, "na muda wa somo unakwisha."

Bhekani akamshika Philile vidole, vidole tu, kwa uangalifu. "Kuna kitu nataka kukuuliza."

"Kama ni kile ninachodhani, huniulizi mimi."

"Namwuliza nani?"

"Wazee wa kwenu wajipange waje kuposa. Wasimame getini kwetu kabla jua halijachomoza, wavae makoti, waite kwa adabu." Akafikiri. "Na waazime gari la mtu mwingine. Mama akiliona hili jekundu, atafungulia mbwa."