Barua ya Chifu Ambayo Sikuiomba

Nina miaka sabini na moja. Naishi Nuu, huku Kitui, nafuga mbuzi na kulima ndengu. Nilisoma hadi kidato cha nne, kwa hivyo siwezi kujitetea kwamba sikuuelewa mkataba wa kazi wa binti yangu. Niliusoma wote.

Mutheu ni binti yangu wa pekee. Alipewa jina la mama yangu, ndiyo maana tangu utotoni namwita Mwaitu, yaani mama. Alikuwa mwalimu katika mji wa Wote, na kila alipokuja nyumbani ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Waliochelewa waliisikia sauti yake wakiwa barabarani, wakaongeza mwendo.

Wakala mmoja wa mjini Emali akatuambia kuna shule ya Kiingereza huko Asia inayotafuta walimu. Mutheu alisita. Mimi ndiye niliyemsukuma. Mkataba ulisema mwalimu haondoki kabla ya miaka miwili, isipokuwa kuna ugonjwa nyumbani na barua ya serikali ya kuthibitisha. Nikamwambia kila kazi ina masharti yake. Siku ya maombi ya kumuaga, ushuhuda wangu ulikuwa mrefu kuliko mahubiri.

Kumbe ile shule ilikuwa duka tu... Vipindi tisa kwa siku. Asubuhi watoto wadogo wa kuimbiwa na kupigiwa kelele, jioni watu wazima waliotoka kazini. Chakula alikula amesimama kwenye ngazi. Mwalimu akiugua, picha yake ilibandikwa ukutani kama ya mwizi. Pasipoti zote zilifungiwa kwenye sefu ya mkurugenzi.

Mwezi wa nane wa mwaka huo huo alioondoka alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa inakwaruza, sikumtambua.

"Baba, daktari amesema ninyamaze mwezi mzima, la sivyo sauti itaharibika kabisa. Mkurugenzi amecheka, amesema yeye haajiri bubu. Niombee barua kwa chifu, aandike kwamba mama ni mgonjwa. Si uongo, baba. Presha yake iko juu."

Haukuwa uongo. Mama yake alikuwa amelazwa mara mbili mwaka huo. Na ofisi ya chifu ni mwendo wa nusu saa kutoka kwangu...

Kwa nini sikwenda? Kwa sababu wazee wenzangu kanisani walikuwa wameanza kuniita Baba Ng'ambo, na mimi nilipenda. Niliogopa siku watakayoniuliza, "Baba Ng'ambo, mbona mtoto amerudi mapema?"

Nikamwambia, "Chifu hayuko, Mwaitu. Vumilia kidogo."

Wiki iliyofuata akapiga tena. Nikasema chifu ameenda mkutanoni katika mji wa Mwingi. Akapiga mara ya tatu. Nikasema chifu anaumwa. Mara ya nne hakupiga, alituma ujumbe: "Sawa baba." Alikuwa hawezi tena kuongea.

Miaka miwili ilipoisha akarudi, anazungumza kwa mnong'ono. Chifu akaja kumsalimia, akanywa chai, akamsikiliza, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, si ungemtuma mzee kwangu? Mimi sina pa kwenda. Hata mke wangu analalamika kwamba nimeolewa na ofisi."

Mutheu akamnong'oneza, "Ulikuwepo hata mwezi wa nane wa mwaka ule nilioondoka?"

"Huo ndio kabisa! Tulikuwa tunagawa chakula cha ukame. Baba yako mwenyewe alikuja, nikamtwika mahindi kwa mikono yangu."

Binti yangu akanitazama. Hakulia. Alichukua kikombe changu, ambacho kilikuwa bado kimejaa, akakipeleka jikoni.

Hospitalini Kitui walisema sauti haitarudi. Mwalimu asiye na sauti atafundisha wapi? Jumapili anakaa nyuma kabisa, kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani. Hakuna anayeniita Baba Ng'ambo sasa.

Wazazi wenzangu, shule inayofungia pasipoti ya mwalimu kwenye sefu si shule. Msimruhusu mtoto apande ndege. Na kama ameshaenda, akisema anataka kurudi, nendeni kwa chifu siku hiyo hiyo. Waacheni watu wacheke. Kicheko cha kanisa kinaisha kabla ya sadaka...

Mutheu humnong'onezea kila mtu: mama yake, wanunuzi wa ndengu, hata mbuzi. Mimi ananiandikia. Kila asubuhi nakuta karatasi mezani: "Chai iko kwenye chupa." Wiki jana niliandika chini yake, "Nisamehe, Mwaitu."

Kesho yake nikakuta karatasi mpya yenye maneno yale yale. Chai ilikuwa kwenye chupa.