Majivu Kwenye Paji la Lugendo

Zama zile pembe za ndovu ziliposhuka pwani mabegani mwa wapagazi, boma la Ukumbili lilizingirwa na ruga-ruga, askari wa kukodiwa wa Mtemi Mwanisunga. Kisima cha pekee kilikuwa nje ya ukuta wa magogo, mikononi mwa adui, na mitungi ilibaki na matope. Mtemi Nyambiti, mwanamke aliyerithi kiti cha baba yake, aliazimia kisima kitwaliwe siku ile ile, jua likiwa utosini, adui akiwa amejilaza kivulini.

Ilibaki kumpata wa kuongoza. Kwa desturi ya Ukumbili, mashujaa walipakwa majivu kwenye paji la uso wakasimamishwa juani na magobore yao. Ambaye majivu yake yalilowa alihesabiwa mwoga, kwani wazee waliamini jasho ni hofu inayotafuta mlango wa kutokea.

Walisimama wawili. Kasanda, mwinda tembo, alitiririka jasho mpaka majivu yakamwingia machoni, watu wakamcheka waziwazi. Lugendo, mdogo wake Mtemi, alibaki mkavu kama kuni, akapigiwa vigelegele.

Nyambiti alimpenda mdogo wake kuliko kiti. Alishuka kumvika kilemba chekundu cha vita, na mkono wake ulipomgusa shingoni alihisi kama ameshika chungu kilicho motoni. Meno ya Lugendo yaligongana, licha ya jua lile kali.

"Tangu lini?" alimwuliza chinichini.

"Tangu jana, dada. Usiniaibishe mbele ya watu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kisha Nyambiti akapaza sauti wote wasikie. "Mwili wenye afya ukipata joto hujimwagia maji wenyewe, upoe. Huyu ana moto ndani na maji hayatoki. Nikimtuma ataanguka kabla ya kisima, nanyi mtaanguka nyuma yake."

Mzee aliyewapaka majivu alipinga, akamkumbusha kwamba desturi ile ilikuwa ya marehemu baba yake. Nyambiti akamjibu kwamba baba yake naye alitoka jasho kila vita, na yeye bintiye ndiye aliyekuwa akimfuta. Kilemba akakifunga kichwani mwa Kasanda, lango likafunguliwa.

Lugendo alibebwa ndani akitukana, akajikunyata chini ya ngozi ya ng'ombe. Nyambiti aliketi kando yake akisikiliza milio ya magobore. Alijua kwamba Kasanda akishindwa, watu watasema Mtemi aliliuza boma ili kumnusuru nduguye. Hata hivyo hakujuta.

Magobore yakanyamaza. Baada ya kitambo Kasanda aliingia, bega likivuja damu, amekumbatia mtungi uliojaa maji. Papo hapo Lugendo akaitupa ngozi. Mwili wote ulikuwa ukichuruzika. Alijipangusa usoni, akayaona majivu yaliyolowa vidoleni mwake, akageukia ukutani kwa aibu.

"Dada, nimelowa."

"Umelowa, ndugu yangu," Nyambiti alisema, akilia bila kujificha. "Homa inakuacha. Kunywa."

Nyimbo za Ukumbili zilitunza jina la Kasanda na kisima chake, majivu hayatajwi. Lakini kila mtemi aliyefuata, kabla ya kufungua lango la vita, alipita kwanza mstarini akiwashika askari wake shingoni, mmoja mmoja.