Chumba cha Mwisho, Ghorofa ya Pili

Msichana wa mapokezi aliwaletea glasi tatu za sharubati ya pasheni, na wao walikuwa wawili.

"Tuko wawili tu," Jui-fen alimwambia.

Msichana yule, ambaye kibandiko chake kifuani kilisema Kao, alichungulia nyuma ya mabega yao, akarudi kwenye karatasi yake, kisha akatabasamu tabasamu la kazini. "Samahani, dada. Nilidhani yule mzee ni wa kwenu." Akaichukua glasi ya tatu na kuondoka nayo mbio mbio.

Jui-fen aligeuka. Nyuma yao palikuwa na mlango wa kioo, na nje ya mlango bwawa la kuogelea, na bwawani watoto wakipiga kelele ndani ya povu huku mtu mwenye kipaza sauti akiwahesabia waruke. Mzee hakuwapo. Mama yake, Guat-kiau, hakujisumbua kugeuka. Aliinywa sharubati yote bila kujua kama ni tamu au chachu, maana kwa miaka mitatu kila alichotia kinywani kilikuwa kitu cha kumeza tu.

Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, mwezi ambao marehemu hufunguliwa milango wakatembea. Zamani sisi watu wa kusini hatukusogelea bahari mwezi huo hata kwa kuvutwa. Siku hizi weka mtelezo na povu, utawaona wote hao, na bibi zao wamebebwa kwenye viti vya magurudumu. Hoteli ilikuwa imejaa pomoni.

"Nina 512," Kao alisema, akifungua ramani ya vyumba juu ya kaunta. "Katikati ya korido, karibu na lifti, bahari yote iko mbele yako. Kwa mjamzito hakuna kizuri kama hicho."

"Hicho hicho," akasema Jui-fen. Mimba ilikuwa ya miezi minne na miguu ilishaanza kumvimba.

"Nataka cha mwisho," akasema Guat-kiau. "Cha mwisho wa korido."

Kao na Jui-fen wakamkodolea macho. Hakuna mtu wa kwetu anayeomba chumba cha mwisho wa korido. Huko ndiko hujibanza roho zisizo na kwao, na hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

"Mama, usinitie aibu mbele za watu," Jui-fen alinong'ona. "Tunachukua 512."

Lifti ilipofunguka, Guat-kiau akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu, "Tunaingia kwenye lifti." Huko juu akasema, "Tunatoka kwenye lifti. Tunakata kushoto." Jui-fen alishazoea. Mama yake alifanya hivyo kila daraja, kila kona na kila mlango, na majirani walikuwa wamekwisha kuchoka kumcheka.

Mtu akifia ugenini, wa kwake humfuata na kumrudisha nyumbani, na njia nzima lazima amtangazie: hapa daraja, hapa kona, hapa kizingiti. Roho haioni njia, inafuata sauti. Ndivyo Guat-kiau alivyomwongoza mume wake, Bun-hiong, kutoka ufukwe huu huu miaka mitatu iliyopita. Kiwanda cha feni kilikuwa kimewaleta wafanyakazi wake kupumzika, Bun-hiong akaingia baharini ameshiba bia na soseji, akatolewa jioni. Wengine wakifika nyumbani huacha kutangaza. Guat-kiau hakuacha, na aliposema anataka kurudi hapa kwa usiku mmoja, Jui-fen alifurahi. Alidhani mama yake anataka kumuaga baba aachane na huzuni.

Kwenye mlango wa 512 Jui-fen alipiga hodi mara tatu, akasogea pembeni, akasema yasemwayo: "Samahanini, tumekuja kulala usiku mmoja, tupisheni kidogo." Guat-kiau akalaza sikio mlangoni.

"Siyo hiki," akasema.

"Siyo hiki nini?"

Sasa Jui-fen alisikia harufu, ikija polepole kutoka nyuma, harufu ya tope la bwawa la kufugia samaki. Aliijua. Ilikuwa harufu ya sebuleni kwao, mbele ya madhabahu yenye picha ya baba, harufu aliyoisugua kwa sabuni na siki na maganda ya ndimu mpaka akakata tamaa, na wali waliouweka pale asubuhi ulichacha kabla ya saa nne.

"Mama, mbona harufu ya nyumbani iko hapa?"

"Nimekuja naye," akasema Guat-kiau. "Tukabadilishe chumba."

Kao aliwapa 318 bila kuuliza, ingawa alikuwa na foleni ya watu wenye maboya ya bata shingoni. "Mama ni mchaguzi," alitania, na Jui-fen akajaribu kucheka.

Kule 318 hodi ikapigwa, sikio likawekwa, na Guat-kiau akatikisa kichwa vilevile. Jui-fen alipogeuka kurudi ndipo alipoona zulia. Kutoka kwenye lifti mpaka pale walipokuwa wamesimama palikuwa na nyayo zilizolowa, kubwa, za mtu asiye na viatu, zinakuja tu bila kurudi, na mbili za mwisho zilikuwa zimetulia sambamba shubiri moja nyuma ya visigino vya mama yake. Maji yalikuwa bado yanaenea.

"Mama, nani huyo?"

"Keti kwanza," akasema Guat-kiau, akamkalisha kwenye benchi karibu na mashine ya barafu. Alizungumza kama anayesoma ratiba ya mabasi. "Siku ile ufukweni kuhani alinipa vile vibao viwili nimuulize baba yako kama ametoka majini. Unavijua. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vyote chali, anacheka. Nilirusha mara kumi na moja, na mara kumi na moja akakataa. Basi linapiga honi. Bosi anaangalia saa. Wewe umezirai. Shangazi zako wananiambia harakisha. Mara ya kumi na mbili nikakisukuma kimoja kwa kidole cha mguu, kikageuka. Kuhani alikuwa anawasha udi, hakuona. Nikasema, amekubali."

"Nikataja jina lake kamili," mama aliendelea, "nikataja mtaa wetu na namba ya nyumba, nikasema, njoo nyumbani. Na mtu akaja. Mwezi uliopita mpiga ramli wa hekaluni akaniambia, nyumbani kwako kuna mtu anakula kwa jina lisilo lake."

"Miaka mitatu tunampa wali nani?"

"Sijui. Kwa harufu yake, alifia kwenye bwawa la samaki."

"Na baba?"

"Baba yako yuko hapa, kwenye chumba walicholala wale wa kiwandani. Hajala miaka mitatu. Kama sitampata leo na kumrudisha, atakuwa hana kwao mpaka dunia iishe, na huyu atakaa nasi." Alisema hivyo na uso wake haukubadilika. Alitaka kulia, na alijua kwamba anataka, lakini kati ya kutaka na machozi palikuwa na ganzi tupu.

Jui-fen alishuka mwenyewe kwa ngazi. Kao alipoulizwa chumba cha wale wa kiwanda cha feni, aliacha kuandika.

"Ni 227," akasema kwa kunong'ona. "Cha mwisho, ghorofa ya pili. Hicho tunawapa wageni kutoka ng'ambo, dada. Wao hawapigi hodi, kwa hiyo hawasikii anayejibu." Akamkabidhi kadi ya mlango kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Korido ya ghorofa ya pili ilikuwa na jua la saa tisa, na muziki wa bwawani uliingia kwa dirisha wazi, na mahali fulani watoto wa watu walikuwa wanagombania taulo, na katikati ya uchangamfu wote ule mama na binti walitembea wameshikana mikono huku nyuma yao hatua zikifyonza juu ya zulia lililolowa, chwa, chwa, na harufu ya tope ikiwa nzito kiasi cha kukaa ulimini, na kila walipokaribia mlango ule wa mwisho hatua za nyuma zilizidi kusogea, mpaka Jui-fen akahisi unyevu shingoni, pumzi isiyo na joto ya mtu aliyekuwa na haraka kuliko wao. Guat-kiau alipiga hodi mara tatu.

Ndani mtu alikohoa mara mbili, kikohozi kifupi cha vumbi la kiwandani, kisha ndala zikajikokota sakafuni.

"Nani?"

"Mimi," akasema Guat-kiau.

"Aa. Umekuja na nani?"

Kabla hajajibu, nyuma yao mtu akakohoa mara mbili, kikohozi kilekile, na sauti ileile ikasema, "Guat-kiau, twende zetu. Huyo wa humo ndani anakudanganya."

Guat-kiau alitoa vibao mkobani, akapiga magoti, akauliza ni yupi, akarusha. Vyote chali. Akarusha tena, vyote chali. Mara ya tatu vilevile. Huko juu miungu walikuwa wanamcheka, na alijua kwamba anastahili.

"Tulioana mwezi gani?" akauliza.

"Wa kumi," ikasema sauti ya nyuma upesi. "Ulivaa gauni la kuazima, zipu ikakatika, dada yako akaishona ukiwa umelivaa."

"Wa kumi," ikasema ya ndani, polepole. "Zipu ilikatika."

Guat-kiau alifumba macho. Kila jioni, miaka mitatu, alikuwa amekaa mbele ya madhabahu akimsimulia mumewe yote, ya zamani na ya siku ile, chakula, majirani, magonjwa, hata zipu. Hakukuwa na jambo la nyumba ile ambalo yule mgeni hakulijua.

Jui-fen ndiye aliyeuliza. "Baba, mume wangu anaitwa nani?"

"Bing-yao," ikasema sauti ya nyuma, karibu kabisa na sikio lake. "Wa karakana ya pikipiki. Mlioana mvua inanyesha, hema likavuja juu ya meza ya wakwe."

Ndani kukawa kimya. Muziki wa bwawani ukaisha, ukaanza mwingine. Kisha, nyuma ya mlango, mtu akasema taratibu:

"Jui-fen ameolewa?"

Ganzi ilimtoka Guat-kiau hapo hapo, na ilimuuma kama unavyouma mguu uliolaliwa damu inapoanza kurudi. Alilia kwa sauti, paji la uso likiwa limeegemea mlango. Huyo ndiye. Mumewe ndiye asiyejua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

"Nimeolewa, baba," Jui-fen alianza huku naye akilia, "na sasa nina..."

Mama yake akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usimwambie," akanong'ona. "Huyu naye anasikia. Baba yako akishajua anayoyajua huyu, nitawatenganisha kwa kitu gani?"

Wakatazamana. Yule wa nyuma alikuwa anasubiri tu.

Guat-kiau akarusha vibao. Utakuja nyumbani? Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Akarusha tena, na tena, mikono mbali na miguu mbali, na mara zote tatu akakubaliwa. Akafungua mlango kwa kadi. Chumbani hakuonekana mtu, ila upepo mdogo wa chumvi ulimpita shavuni.

Ndipo alipokumbuka kwamba roho inafuata sauti. Kama hatatangaza njia, Bun-hiong atapotea kwenye ngazi za hoteli. Akitangaza, watasikia wote wawili. Binti yake alimvuta mkono.

"Tunatoka chumbani," akasema hatimaye, wazi. "Tunaelekea kwenye lifti."

Nyuma yao zikaanza hatua za watu wawili.

Alitangaza milango, akatangaza gari, akatangaza madaraja yote kumi na tisa hadi nyumbani. Njiani sauti moja iliwakumbusha kununua mafuta ya gari, kwa kuwa asubuhi walikuwa wamesema yanakaribia kwisha. Nyingine iliuliza kama ile nyumba ya Ong kwenye kona ya mtaa wao bado imesimama. Hakuna aliyeijibu.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kwanza. Siku alipoletwa nyumbani, sauti moja mbele ya madhabahu ilitaja jina lake, uzito wake na saa aliyozaliwa, bila kukosea. Nyingine iliuliza ni kilio cha nani hicho. Guat-kiau alisogeza bakuli la wali mbele ya aliyeuliza, akaketi, akaweka mikono mapajani, akafunga mdomo.

"Ni mtoto wa nani?" mumewe akauliza tena.