Faili ya Mama Mkwe

Siku ya soko pale Daraja Mbili, Roselyne alikuwa amesimama katikati ya mitumba yake, gauni ya kijani, kiuno kimefungwa leso, anaita wateja. Kijana mmoja akapita akikanyaga sweta nyeupe kwa kiatu cha matope.

"We! Hiyo umenunua!"

"Lakini ni ya mwanamke."

"Basi tafuta mwanamke."

"Si nimempata," akasema kijana, jina lake Nyasani.

Hivyo ndio walianza. Miezi nane ya simu, "sweetie" hapa, "mrembo wangu" pale. Nyasani alikuwa anaandika wagonjwa kwa kompyuta katika hospitali moja ndogo kule Nyansiongo, Nyamira.

Sasa sikia huu upuzi. Mama ya Roselyne, Bathsheba, mwaka jana alidungwa sindano hapo Nyansiongo akavimba karibu afe. Ikaandikwa kwa kompyuta. Juzi Jumamosi, akiwa ametembelea binti yake, kidonda cha mguu kikamzidi, akapelekwa hospitali huko Kisii. Daktari Emily kufungua kompyuta yake, hakuna kitu! Eti ya huku haiongei na ya kule. Jameni, ndizi inatoka Nyamira inafika Kisii. Maziwa inafika. Hata umbea inafika ikiwa moto. Habari ya mgonjwa ndio inashindwa na barabara? Hiyo inanichoma mpaka leo.

"Ni dawa gani ilimfanyia hivyo?" daktari akauliza. "Mguu unaharibika, siwezi ngoja, na nikikosea dawa namuua."

Mama hakujua jina. Roselyne akapiga simu.

"Sweetie, fungua faili ya mama haraka."

Nyasani akaondoa mikono kwa kompyuta.

"Nyasani?"

"Rose, ngoja Duke, mwenzangu wa kazi, arudi kutoka kanisa ya Sabato, yeye atafungua."

"Kwani wewe huna mikono?"

"Huyo atakuwa mama mkwe wangu. Nitasomaje mambo ya mwili wake? Unajua hiyo ni chinsoni, miiko yetu ya kuheshimu wakwe, ni aibu kubwa."

"Mama mkwe ya nani? Umeleta ng'ombe gani kwetu? Mama anakufa hapa na wewe unaona aibu! Ukikata hii simu, usinipigie tena maisha yako yote!"

Bathsheba akanyoosha mkono kitandani. "Lete hiyo simu. Kijana!"

"Ee, mama."

"Huu mwili ni wangu. Nimekuruhusu. Soma!"

Simu ikiwa kwa spika, akasoma kama mtu yuko mbele ya hakimu. Miaka sitini na moja. Kilo tisini na mbili. Penisilini, alivimba uso na koo.

Daktari akaweka chini sindano aliyokuwa ameshika. "Ilikuwa ni hiyo hiyo," akasema polepole, akaagiza nyingine.

Siku ya tatu kidonda kikaanza kukauka. Nyasani akaja amevaa tai, akakwama mlangoni mwa wodi.

"Simama hapo hapo," Roselyne akamwambia. "Bado nina hasira."

"Najua."

"Ungenifanya nikose mama!"

"Najua, Rose. Niliogopa kumkosea yeye, nikakukosea wewe."

"Na siku nyingine?"

"Nitasoma mpaka faili ya nyanya yako."

Roselyne akauma mdomo asicheke. Akashindwa.

Ndani ya wodi mama akapaza sauti, wagonjwa wote wakageuka.

"Nyasani! Jumapili ulete wazee wenu. Mtu amejua kilo zangu zote, nitamwacha aende kuoa kwa nani?"