Nilipiga Mpira wa Mwanyumba Wangu

Nina miaka arobaini na moja, baba wa watoto watatu, na siku hizi nashona viatu kando ya mtaro hapa Bwaise. Sitaki huruma ya mtu... nisikilizeni tu.

Kwa miaka kumi na tisa nilibeba mifuko ya wachezaji wa gofu hapa Kampala. Wakubwa walipiga, mimi nikasaka mipira yao vichakani. Jioni sisi wabebaji tulicheza wenyewe, kwa mipira ya kuokota. Nasema bila aibu, niliwazidi wengi walioniajiri!

Okot ni mwanyumba wangu, tumeoa mtu na dada yake. Mimi ndiye niliyemwingiza uwanjani na kumfundisha kushika fimbo. Shukrani yake ilikuwa nini? Nilipolala na malaria wiki moja, alimchukua mzee niliyembebea mfuko miaka yote! Nilirudi nikaukuta mfuko begani mwake. Tangu siku hiyo salamu ikafa. Mke wangu, Akello, alinisihi nipatane naye... nikamwambia asinitajie nyoka yule.

Kisha klabu ikatangaza nafasi ya mwalimu msaidizi wa gofu. Kazi ya kudumu! Wabebaji tulishindanishwa wawili wawili, shimo kwa shimo, anayeshindwa anatoka. Fainali ikawa mimi na nani? Okot!

Asubuhi ile, kabla hatujaanza, alinijia amenyoosha mkono. Ati anisalimie mbele ya watu! Nikamgeuzia kisogo, nikatema mate chini.

Tulicheza mashimo kumi na saba bila neno, tukawa sawa. Shimo la mwisho mipira yetu yote miwili iliingia kwenye nyasi ndefu karibu na kinamasi. Nikafika wa kwanza. Nikaona mpira wenye nukta nyekundu, alama yangu ya siku zote, ambayo huiweka kwa rangi ya kucha ya Akello. Ningeshuku nini? Okot huchora mstari wa kalamu ya buluu. Nikaupiga... ukatua hatua mbili tu kutoka kwenye bendera! Moyoni nilishakuwa mwalimu.

Okot alikuwa hatua tano nyuma yangu, ameuinamia mpira mwingine. Alinyamaza mpaka nilipopiga!

"Ngoja kwanza," akamwita mwamuzi. "Huyu amepiga mupira yangu."

Tukaenda benderani, mwamuzi akauokota ule mpira. Nukta nyekundu ilikuwepo, lakini chini ya namba iliyochapwa kwenye mpira. Mimi huiweka juu. Kumbe kalamu ya Okot ilikauka, na mkewe akaja kwetu kuazima chupa ile ile ya rangi. Na kanuni haina huruma: ukipiga mpira usio wako, umepoteza shimo. Shimo lile ndilo lililokuwa mechi nzima.

Nililipuka! Nikamwita mwizi, nikamrushia fimbo ikampata gotini. Nikamfokea mwamuzi, haki gani hii, mtu anabadilisha alama kwa siri?

"Siri gani, ssebo?" akanijibu. "Asubuhi alikuletea mupira akuonyeshe alama. Sisi wote tuliona. Wewe ukamupa mugongo."

Mkono ule... haukuwa wa salamu. Ulikuwa umeshika mpira!

"Na kule kwenye nyasi?" nikamuuliza Okot. "Mbona ulinyamaza?"

"Nikuambie mara ya pili?" akasema, akijisugua goti. "Ungesikia?"

Nilifukuzwa uwanjani kwa ajili ya ile fimbo. Nyumbani nikamshukia Akello, nikamwita msaliti kwa sababu ya chupa ya rangi ya kucha... Alifunga nguo, akachukua watoto, akahamia kwa dada yake. Yaani wanangu wanakula kwa Okot! Mwalimu Okot! Nasikia kijana wangu mkubwa ameanza kufundishwa gofu, na anashika fimbo vilevile nilivyomfundisha yule bwana.

Sijamsamehe, na sidanganyi kwamba nitamsamehe. Neno moja tu lingetosha kule kwenye nyasi, naye akalimeza.

Lakini ndugu wasomaji, nawasihi... nuneni mnavyotaka, chukianeni kama lazima, ila mtu akikunyooshea mkono, utazame kwanza. Mimi nilikataa kuutazama, na leo nyumbani kwangu hakuna hata wa kuniuliza nimeshindaje.