Waya wa Darini

Aliyepatwa na haya ni mdogo wangu wa tumbo moja, kwa hiyo asije mtu akasema nimesimuliwa. Nilikuwepo. Damu yake ilinirukia usoni.

Sisi ni watoto wa fundi. Baba alipofariki alituachia karakana ya milango miwili: upande mmoja mimi nashona viti na dari za magari, upande wa pili mdogo wangu anafunga redio na spika. Watu walimwita Masikio, maana alikuwa anaweza kusimama nje ya gari vioo vimefungwa, akakwambia spika ya nyuma kushoto imepasuka. Na maneno alikuwa nayo huyo mtoto. Aliongea na mteja, akaongea na gari, akaigombeza bisibisi, akanitania mimi, vyote kwa pumzi moja. Alikuwa na miaka thelathini na minne na bado nilimwita mtoto.

Asubuhi ile ilikuwa asubuhi kama nyingine. Nilikuwa napaka gundi kiti cha lori alipoingia mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mtu mpole, akiendesha gari refu la kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi. Gari la wakubwa wa enzi zile: mbao halisi kwenye dashibodi, viti vya ngozi, vioo vya tabaka mbili ili kelele za barabarani zisimsumbue bosi. Alikuwa amelitamani gari la namna hiyo tangu anaanza kazi. Mwishowe kalipata mnadani, lilikuwa limekaa ghalani miaka mingi limefunikwa turubai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Naomba mnitolee hii redio ya kaseti, mniwekee ya kisasa. Yenye skrini, nipige simu bila kushika simu. Na spika zenye nguvu. Hili gari lina ukimya, jamani."

"Si ndiyo raha yenyewe hiyo, mwalimu?" Masikio akamwambia.

Mwalimu alicheka kidogo. "Mke wangu anajua kuongea, hilo halina siri. Lakini akiingia humu ni kimya mpaka tunashuka. Hata mimi. Nataka kusema neno, ulimi unakuwa mzito."

"Basi usiliuze kimyakimya," nikadakia. "Kuna wanaume watapanga foleni kulinunua."

Tukacheka wote watatu. Akatuachia funguo, akaenda zake.

Masikio alifanya kazi vizuri siku hiyo, nataka hilo lijulikane. Alivua ngozi za milango bila kuvunja kibanio hata kimoja. Akang'oa spika za zamani, karatasi zake zimeoza. Akafunga mpya, akaweka amplifaya ndani ya buti. Betri ya gari lile iko chini ya kiti cha nyuma, na kiti hicho nilikitoa mimi kwa mikono yangu ili apitishe waya mnene wa umeme, kisha nikakirudisha. Kufikia saa nane mchana redio mpya ilikuwa imekaa mahali pake, skrini inang'aa. Ilikuwa imebaki maiki ya simu tu.

"Dada, njoo uone."

Darini, karibu na kioo cha dereva, kulikuwa na maiki ndogo ya kiwandani. Magari hayo yalikuja na simu zake. Masikio alikuwa ameshika ncha ya waya.

"Maiki nzima, naweza kuitumia hiihii. Ila waya wake umegawanyika. Mmoja unashuka hapa kwangu. Mwingine unaingia darini, unaelekea nyuma. Huo siyo wa kiwandani. Kuna mtu kauunga."

Baba alikuwa na sheria nyingi, nyingine za kipuuzi, lakini moja hakuwahi kuilegeza: waya usioujua mwisho wake usiupe umeme. Ufuate kwa kidole mpaka uishie, ndipo uunganishe. Kwenye gari lile, kuufuata kulimaanisha nishushe kitambaa chote cha dari. Kilikuwa kimezeeka, ukikigusa tu sifongo inamwagika kama unga. Na mimi nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, kiti cha lori kinanisubiri.

"Sishushi dari nzima kwa ajili ya waya mmoja," nikamwambia. "Kikichanika nitakitoa wapi kingine? Unganisha wa kwako, huo mwingine achana nao."

"Baba angekuwepo..."

"Hayupo. Mkubwa ni mimi. Unganisha."

Akaunganisha. Hakubisha tena. Neno lilikuwa langu, na shahidi wangu ni Mungu.

Alikaa kiti cha dereva, akafunga mlango ili ajaribu maiki, akanipigia simu. Mimi nilikuwa hatua nne tu, kwenye cherehani yangu, jua linawaka, watu wanapita barabarani na mizigo yao. Nilimwona vizuri kupitia kioo.

"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia, kwa bahati mbaya."

Akacheka. Chini ya kicheko chake kulikuwa na mtu mwingine anavuta pumzi.

"Umewasha redio?" nikamuuliza.

"Hapana. Kwani vipi?"

Ndipo nikamsikia mwanamke. Alinong'ona, karibu kabisa na maiki, kama mtu aliyejificha kabatini.

"Usiongee."

Masikio aligeuka, akatazama kiti cha nyuma. Hakukuwa na mtu. "Dada, umesema nini?"

"Sijasema mimi."

"Usiongee," mwanamke akarudia. "Atakusikia."

Loki za milango zikashuka. Zote nne kwa mpigo mmoja. Kisha zile spika mpya, zile zenye nguvu tulizozifunga wenyewe, zikatoa sauti ya mwanamume. Haikuwa sauti ya hasira. Aliuliza tu.

"Nani kaongea?"

Nilisimama. Cherehani ikaanguka. "Toka! Masikio, fungua mlango!"

Alivuta kitasa. Akafungua mdomo anijibu, na shavu lake likabonyea ndani. Nililiona likibonyea kabla sijasikia kofi kwenye simu. Kichwa chake kikagonga kioo. Kikarudi. Kikagonga tena. Damu ikachora mstari kwenye kioo hadi chini. Akainua mikono ajikinge, mikono ikavutwa chini, nikasikia mfupa wa kiganja ukilia. Hakuna mtu aliyekuwa naye. Naapa. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, lakini ngozi yake ilikuwa imedidimia, kama inavyodidimia mtu mzito anapokalia.

Nilichukua nyundo. Nikapiga kioo cha nyuma. Kikabaki na doa tu. Vioo vya tabaka mbili! Nikapiga tena. Ndani, mdomo wa mdogo wangu ulikuwa unafunguliwa. Ulifunguka kupita pale mdomo wa mtu unapofika. Pembe zake zikachanika. Jino likaruka, likagonga skrini. Nikapiga. Nikapiga. Mara ya tano kikapasuka, nikajitupa ndani, vigae vikanikata tumbo.

Kulikuwa na harufu ya jasho la mwanamume. Halikuwa la mdogo wangu. Niling'oa kiti cha nyuma, nikashika waya wa betri kwa mikono mitupu, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ukatoka. Skrini ikazimika. Taa ya amplifaya nayo ikazimika.

Sauti haikuzimika.

"Na wewe?" ikaniuliza, karibu na sikio langu. "Una la kusema?"

Nilinyamaza. Mdogo wangu anauawa mbele yangu na mimi nilinyamaza. Sikulia, sikumwita, sikumtaja Mungu. Nadhani ndiyo sababu niko hai, na sijivunii. Nikatoa mkasi mfukoni mwa aproni, nikachoma kitambaa cha dari, nikakichana kuanzia kwenye kioo cha dereva mpaka nyuma. Sifongo ikanimwagikia machoni. Niliufuata waya kwa kidole, kama nilivyotakiwa kuufuata tangu mwanzo. Uliishia juu ya kiti cha nyuma. Hapo palikuwa na kifuko cha ngozi, ukubwa wa yai, kimeshonwa pande zote kwa uzi wa kijani. Waya ulikuwa umeingia ndani yake.

Nikaukata.

Loki zikapanda. Masikio akaniangukia. Nilimfungua mdomo nitoe damu apate pumzi, nikaingiza vidole, nikatafuta ulimi. Haukuwemo.

Nikakitazama kile kifuko. Kilikuwa bado kimefungwa, mishono yake mizima. Nilikichana kwa mkasi kwa sababu mikono yangu haikujua kazi nyingine. Ndani kulikuwa na ndimi mbili. Mmoja ulikuwa mweusi, mkavu, umetobolewa na waya. Mwingine ulikuwa wa moto.

Hospitali, daktari alimsafisha, kisha akatoka nje kunitafuta.

"Huyu mgonjwa alikatwa ulimi lini?"

"Leo. Sasa hivi. Daktari, huoni nguo zangu?"

"Taya limevunjika leo, hilo naliona. Lakini ulimi..." Akashusha sauti. "Kovu lile ni la miaka. Limepona zamani."

Akanionyesha kitu juu ya pamba. Kipande cha uzi wa kijani, mnene, wa nta. Alikuwa ameuvuta kwenye shina la ulimi. Uzi wa kushonea viti.

Polisi walichukua kifuko na gari. Walisema mwenye gari wa kwanza alishakufa, na mkewe alisemekana alisafiri tu, akawa haandiki. Mwalimu alikuja hospitali akasimama mlangoni na kofia mkononi, akashindwa kuingia. Simlaumu.

Masikio yuko hai. Anafunga redio kama zamani, mikono ilipona, masikio bado makali. Wateja wanamwandikia wanachotaka, anawajibu kwa kichwa. Siku moja nilipiga magoti mbele yake nikamwambia ni mimi, ni uvivu wangu, nilipaswa kushusha ile dari. Aliandika: *Tulikuwa wawili.* Akanipa karatasi niitunze. Nililia kama siku ya msiba.

Kila mwezi tunarudi kliniki, na kila mwezi daktari anavuta uzi mwingine. Hakuna anayeushona. Daktari ameacha kutuuliza. Sasa wiki iliyopita alivuta wa saba, na huo ulitoka mzima, na fundo lake. Akauweka juu ya pamba, akausogeza kwenye taa.

Mafundi wa viti kila mmoja ana fundo lake, kama watu walivyo na sahihi. Langu nalizungusha mara tatu kuelekea kushoto, nalirudisha mara moja, halafu nachoma ncha kwa kiberiti. Sijawahi kumfundisha mtu. Niliinama nikalitazama lile fundo. Nikahesabu mizunguko. Ncha ilikuwa imechomwa.

Nikainua uso nimwambie mdogo wangu kwamba si mimi, kwamba naapa si mimi. Alikuwa ameshaliona. Analijua fundo hilo tangu utotoni. Hakuchukua kalamu. Alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, macho ameyakaza kwenye vidole vyangu, na mdomo ameuziba kwa mikono yote miwili.